Paketi Tatu za Nolia

Mama yetu, Nolia Deshotel, alichinja nguruwe wake wa mwisho mwezi wa Desemba, akafariki mwishoni mwa Januari. Kati ya siku hizo mbili alikausha tasso, nyama ya nguruwe ya moshi, kama alivyofanya kila msimu wa baridi. Bega la nguruwe lilikatwa vipande virefu kwa kufuata nyuzi za nyama, vikasuguliwa chumvi, kitunguu saumu na pilipili kali, kisha vikatundikwa kwenye waya katika kibanda cha moshi, siku tatu juu ya kuni za mti wa mpekani. Hapa Evangeline hakuna anayekula tasso hivihivi. Ni ya kukolezea chungu, na kipande kimoja kinatosha maharage ya nyumba nzima.

Baada ya mazishi zilibaki paketi tatu kwenye friza, zimefungwa kwa karatasi ya buchani, na juu yake mwandiko wake wa penseli: Bega, Desemba. Mimi na kaka yangu Lorris tulikubaliana tusiziguse mpaka Misa ya kutimiza mwaka. Siku hiyo ukoo wote ungekula maharage meupe ya Mama kwa mara ya mwisho. Vipimo vyake havikuandikwa popote, na mara mbili nilizojaribu kuvikisia nilipata nyama yenye chumvi, basi.

Friza ilibaki katika nyumba ya Mama, ambako Lorris alikuwa amehamia na mkewe, Darlene. Kila nilipofika niliifungua nikazihesabu paketi. Kazi yangu ni kupima unyevu wa mpunga kinuni, na sijawahi kupokea gunia kwa kusoma lebo yake tu. Za Mama nilizipokea kwa lebo mwaka mzima.

Asubuhi ya Misa nilifika saa moja kubandika maharage. Nilikata utepe, nikafunua karatasi ya kwanza. Ndani palikuwa na vipande vifupi, laini, vyekundu kama mlango uliopakwa rangi jana. Nyuzi zilikuwa zimekatwa kwa kukingama. Hapakuwa na tundu la waya hata moja, na ubavuni kulikuwa na alama za wavu, ule ambao viwanda hutumia kufungia nyama. Nikafungua ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikuwa hivyohivyo.

Lorris aliingia na kikombe cha kahawa.

"Maharage yameanza kuchemka?"

"Hii nyama ya nani?"

"Ya Mama. Huoni mwandiko?"

"Mama hakuwahi kufunga nyama kwa wavu, Lorris."

Aliitazama nyama, akaenda kufunga mlango wa jikoni.

"Punguza sauti, Darlene amelala."

"Iko wapi?"

"Nisikilize kwanza. Yale mashindano ya mapishi ya Oktoba, timu yetu kila mwaka inarudi mikono mitupu, watu wanatuita wachoma maji. Nikasema, nitoe paketi moja tu. Moja haikutosha."

"Zote tatu?"

"Sufuria yenyewe ya galoni ishirini, mdogo wangu! Ulitaka nifanyeje?"

"Mkashinda?"

"Tulikuwa wa tatu." Akanywa kahawa. "Wa tatu kati ya arobaini, siyo mchezo."

"Halafu ukanunua hii, ukaifunga kwenye karatasi yake."

"Ili usiumie."

Lorris hajawahi kurudisha kifaa changu kikiwa kizima. Ila karatasi zile alizifungua bila kuzichana, na alipofunga upya alifuata mikunjo ileile ya Mama. Alikuwa na subira kiasi hicho, na aliitumia yote kunidanganya mimi.

"Pika tu," alisema. "Nani atajua? Watu wanakuja kumkumbuka, hawaji kupima. Maabara yako iache kinuni."

Nilivua aproni, nikaondoka kwenda kanisani. Alipika yeye.

Saa sita tulikaa mezani watu kumi na tisa. Wa kwanza kupakuliwa alikuwa Mama mkubwa Elmire, dada yake Mama, mwenye miaka themanini na minne, ambaye alikata nyama pamoja naye kila siku ya kuchinja kwa miaka sitini. Alionja, akafumba macho.

"Nolia huyu hapa," alisema. "Mkono wake kabisa."

Watu wawili walianza kulia. Lorris akainama, akamshika bega.

"Tulikutunzia, Mama mkubwa."

Nilikuwa nimepanga kunyamaza mpaka vyombo vioshwe. Baada ya sentensi hiyo sikuweza.

"Siyo ya Mama," nilisema. "Ya Mama, Lorris aliimaliza Oktoba kwenye mashindano. Hii ni ya dukani."

Lorris alicheka. "Jamani, Verna hajalala wiki nzima. Msamehe, Mama mkubwa. Ni majonzi."

"Verna, na wewe!" alisema binamu yetu Ulysse. "Siku ya leo kweli? Kula kwanza, ugomvi baadaye."

Meza nzima ilinitazama mimi, siyo yeye. Nilikwenda jikoni nikaleta kipande kibichi kilichobaki, nikakiweka kando ya sahani ya Mama mkubwa.

Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akashika ncha mbili, akavuta. Kilikatika papo hapo, kama mkate. Tasso ya Mama ingechanika nyuzi kwa nyuzi, kama kamba.

Akaweka kijiko chini.

"Lorris."

"Mama mkubwa, ngoja nikueleze..."

"Nimekuosha ukiwa mchanga. Usinidanganye kwenye meza ya dada yangu. Uliipika?"

"Niliipika."

"Na mimi ukaniacha nikililie kiwanda."

Ulysse alikuwa akikisogeza kijiko chake huku na huku bila kula.

"Haya. Imeshaliwa, hairudi," alisema Mama mkubwa. "Basi tuambie ilikuwaje. Msimu ule wa mwisho aliniambia kitunguu saumu amekizidisha na pilipili amepunguza. Kilisikika? Tuambie, wewe uliyeila."

Tulisubiri sote. Nami nilisubiri. Hasira yangu ilikuwa kubwa, lakini jibu hilo nililihitaji zaidi, kwa kuwa hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kunipa.

Lorris alitazama mikono yake.

"Sikuonja," alisema. "Aliyekuwa anaonja ni mwenzangu, mimi nilikuwa kwenye moto. Tukawapelekea majaji, halafu ikawa foleni ya watu. Nilipogeuka, sufuria ilikuwa tupu."

Mama mkubwa aliisukuma sahani yake kando. Kisha akaniomba koti lake, nikamletea.