Majina Sita ya Jilala

Aa, sauti haikumkauka, nani kawadanganya? Jilala sauti alikuwa nayo, na gitaa alijifunza mwenyewe, bila mwalimu. Kilichomshinda ni majina.

Nyimbo alitunga za upweke, za njia ndefu, za mke aliyekwenda kwao asirudi. Alianzia mnadani Didia, akafika studio Shinyanga mjini, ila riziki yake ilikuwa machimboni Geita. Mchimbaji akitaka kutajwa wimboni, anamnunulia soda, anatajwa. Basi wale sita wa duara moja, maana shimo la dhahabu kule huliita duara, akawataja wote, wa mwisho rafiki yake Pantaleo. Wimbo ukawaka! Kila bodaboda anaupiga.

Mwezi haujaisha, duara likaporomoka. Sita wote maiti.

Watu wakaanza: mbona ni walewale wa wimboni? Jilala akitokea tu na gitaa, wanamkimbia. "Jina langu usilijue wewe!" Ndaki, muuza chipsi, ndiye aliyemkaribisha. "Mtaje mama mkwe wangu, naleta kreti zima!" Watu wakavunjika mbavu. Jilala hakucheka. Na yeye alishaanza kuamini.

Siku ya kumaliza msiba akaenda Didia kwa Melania, mama yake Pantaleo. Alitaka jambo moja tu: mama akisema ndiye aliyemuua, gitaa analivunja.

"Shikamoo, mayu." Mayu ni mama, kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu."

Uwanja umejaa watu. Ugali umeshapakuliwa, unapoa, hakuna anayetaka kunawa pamoja na mtu yule.

"Mayu, nilimwimba, akafa. Ukisema nimemuua mimi, gitaa hili nalivunja."

"Miti ya kuzuia udongo ilioza. Alinipigia simu Jumapili, akaniambia anaogopa, anataka kurudi nyumbani. Nikamwambia vumilia, mwanangu. Sasa nani kamuua, wewe au mimi?"

Jilala akaliweka gitaa chini.

"Gitaa usilivunje," mama akasema. "Ila wimbo ule usiupige hapa kwangu. Siuwezi."

Jilala hajamtaja mtu tena tangu siku ile, na machimboni wimbo usio na jina la mtu nani anautaka? Sasa analima pamba.

Lakini siku ile mama alichukua birika, akamnawisha yeye mwenyewe, akaketi naye mkekani, mwanamke katikati ya wanaume. Mjomba wa marehemu akaguna, akasogea karibu. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakakaa wote, wakala ugali ule ukiwa baridi.