Mlango wa Nyuma wa Mjomba

Kampuni nzima tulimwita Mjomba. Bosi wetu alikuwa mtoto wa dada yake, na mtunza ghala kama mimi hathubutu kumwita mjomba wa bosi kwa jina lake. Ndiye aliyeandika programu yetu ya kuuzia vipuri, enzi za kompyuta zenye matumbo makubwa nyuma. Hakuna boliti iliyotoka ghalani kwangu bila kupita humo. Programu ilikuwa kaidi kama mwenyewe. Kompyuta mpya ziliikataa, nayo ikazikataa, basi ikabaki kwenye mashine moja kuukuu iliyounganishwa na mtandao bila kinga yoyote ya maana.

Bosi akamleta fundi wa kompyuta, dada mmoja mpole mwenye miwani. Akatueleza kwamba ndani ya kompyuta mpya atatengeneza kompyuta bandia ya zama zile, na programu itaishi humo ikidhani dunia haijabadilika. Mtandao hautaigusa. Kila mtu atapewa ruhusa ya kazi yake tu.

"Ila kuna kitu kinanisumbua," akasema. "Programu hii ina mlango wa nyuma. Mtu anaingia bila jina, na anaweza kubadilisha chochote."

Sote tukamtazama Mjomba. Mjomba akatazama dari.

Mchana akanifuata ghalani, akakaa juu ya boksi la beringi. "Hebu nishauri. Mke wangu anasema nikiwapa siri ya mlango ule nimejichimbia kaburi. Sasa hivi bila mimi hawawezi kurekebisha hata bei ya nati. Wasiponihitaji tena..."

"Msikilize mkeo," nikamkatiza. "Yule mpwa wako atakuuza kwa kilo, kama chuma chakavu."

Lakini nani anamsikiliza mtunza ghala? Bosi alimvika Mjomba kilemba cha ukoka. Alimshika mabega mbele yetu sote, sauti imelegea. "Mjomba, mama alipofariki ni wewe uliyenilea. Wezi wakipita mlango ule, jasho lote alilomwaga dada yako kuijenga kampuni hii limekwenda na maji. Mfundishe huyu fundi. Mimi sina baba mwingine. Wewe ndiye baba yangu."

Baba! Mzee akatokwa na machozi, mjinga yule, nami nilimpenda na kumchukia kwa pamoja. Alifundisha kila kitu mpaka sauti ikamkauka. Mlango wa nyuma aliufunga kwa mikono yake mwenyewe, fundi akiwa amesimama pembeni.

Ikafika siku ya majaribio.

"Jaribu kuingia kwa mlango ule wa nyuma, mzee," fundi akasema.

Mjomba aliandika neno lake la siri. Skrini ikamkataa. Akapiga makofi akicheka. "Imenikataa! Mmeona? Hata mimi mwenyewe!"

"Sasa ingia kwa jina lako la kila siku," bosi akasema.

Akaandika. Ikamkataa tena. Kicheko kikapungua. "Hapa mmekosea, mwanangu. Hili ndilo langu la kazi."

"Hatujakosea. Si ulisikia? Kila mtu ruhusa ya kazi yake. Wewe huna kazi tena, Mjomba."

Alitutazama mmoja mmoja akisubiri tucheke. Hatukucheka. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuiti baba kwanza. Mzee akarudi kwenye kibodi, akaandika jina lake polepole kwa kidole kimoja, akihakikisha kila herufi. Likakataliwa. Akaandika tena.

"Mzee, acha, tafadhali," fundi akamsihi, macho chini. "Ukirudia rudia inakuhesabu mwizi. Inawaita walinzi."

Hakuacha. Muda si muda mlinzi wa getini akaingia mbio, rungu mkononi, akihema. Alituangalia sote, kisha akamgeukia mtu aliyemwamini kuliko wote mle ndani.

"Mwizi yuko wapi, Mjomba?"

"Ndiye huyo unayemuuliza," bosi akasema. "Mtoe."