Hatua Tatu za Profesa Kulenović

Kwa jina la Aliyeinua milima na kuyatandaza mabonde, ajuaye peke Yake lipi liko chini kuliko yote, naanza. Na rehema zimshukie Mtume Wake.

Jopo letu la Sarajevo lilikuwa la watatu, na sahihi mbili zilitosha. Wa kwanza Profesa Rešid Kulenović, mwenye vitabu saba visivyosomwa. Wa pili Profesa Vesna Zupan, mgeni kutoka Ljubljana. Wa tatu mimi, niliyezoea kutia sahihi baada ya Rešid, chini ya yake. Mbele yetu alisimama Belkisa, mwanafunzi wa Rešid, akitetea tasnifu yake ya udaktari.

Kazi yenyewe ni kutafuta kwa kompyuta bonde la chini kabisa, yaani jibu dogo kuliko yote, katika nchi ya namba, yenye mabonde mengi na kingo kali. Njia ya Belkisa huteremka hatua elfu arobaini. Njia ya Rešid hupima mteremko na mpindo wake pia, na hufika kwa tatu tu. Alimtaka binti akiri hadharani kwamba njia yake haifai. La sivyo, hampi sahihi.

“Binti huyu konokono, mimi mwewe!” alitamba Rešid.

“Mwewe anaanza kuruka wapi?” aliuliza Vesna.

“Mwanzoni, mama. Kwingine wapi?”

“Belkisa, mwanangu, kompyuta unaiendesha wewe. Mwanzoni ni wapi?”

Binti alijibu: “Ni pale ninapoishia mimi. Nikishateremka zote elfu arobaini, Profesa humalizia tatu.”

“Ndiyo desturi ya fani!” Rešid alifoka. “Nadharia yenyewe yasema: anzia karibu vya kutosha!”

“Karibu, kwa miguu ya mwenzio? Haya, ianzie mbali.”

Belkisa akabonyeza. Njia ya mwewe ikapiga hatua mbili, ikatua kwenye kipito tambarare chenye umbo la tandiko kati ya vilele viwili, ikatangaza mwisho wa safari.

“Imefika!” alishangilia Rešid.

“Imefika juu ya tandiko la farasi, ndugu yangu,” alisema Vesna. “Tazama korongo hapo kushoto.”

Akatia sahihi, akanisogezea karatasi.

“Wewe, fikiri vizuri,” Rešid alininong’oneza.

Miaka kumi na mmoja nilipitisha makala zake bila kuuliza zinaanzia wapi. Safari hii nikatia sahihi chini ya ile ya Vesna. Belkisa akawa daktari, akatukaribisha pita, ule mkate wa kukunjwa wenye nyama ndani, kama ilivyo ada. Rešid, aliyekataa kumpongeza, alikula vipande vinne.

Mola awape waliobaki katika idara ile afya, riziki ya halali, na ulimi usioogopa cheo. Amina.