Aliyekiweka Ndiye Akitoe

Anastasie alikuwa amefagia uwanja mara tatu tangu asubuhi, na jua bado halijafika kichwani. Uwanja wenyewe ni kipande cha udongo kisichotosha hata kuanikia mihogo. Alifagia, akauacha ufagio, akaingia jikoni, akatoka bila kukumbuka alichoingilia, akaushika ufagio tena. Zamani majirani zake wa Salamabila walimtania: "Mama Estelle, utafagia mpaka ukute dhahabu!" Sasa walimtazama tu wakanyamaza. Mtu akianza kuogopwa, hataniwi tena.

Miezi minane sasa roho ilikuwa juu juu. Usingizi ulimpa kisogo. Alilia kwa sababu ya chumvi iliyomwagika. Alikuwa akiwauzia wachimba dhahabu bugali na sombe ya majani ya muhogo, na kusema kweli wengi walikuja kwa ajili ya mdomo wake, maana alijua kumchekesha mtu aliyetoka shimoni mikono mitupu. Siku hizi aliwafokea mpaka wakahamia meza ya pili. Kila alipokaa kitako, kitu ndani yake kilimwambia inuka, nenda. Akiinuka, hana pa kwenda.

Halafu lile la sokoni. Loo! Wiki mbili zilizopita alifunga biashara, akarudi nyumbani, akaosha masufuria yote, ndipo akahisi mgongo mwepesi. Estelle, binti yake wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa amemwacha sokoni chini ya meza, amelala juu ya gunia. Alikimbia mpaka kandambili zikakatika. Alimkuta mzima, anachezea ganda la ndizi. Lakini mama kumsahau mtoto wake! Maneno hayo yalimfikia mumewe shimoni siku hiyo hiyo, na yalifika yameongezwa pilipili.

Sasa nisikilizeni kile alichokuwa akikificha. Miezi minane iliyopita, wauguzi wa kampeni ya uzazi wa mpango walitoka Kabambare wakafunga hema karibu na soko. Anastasie alipanga foleni na rafiki yake Nadine, na wote wawili wakawekewa kijiti chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, miaka mitatu bila mimba. Sababu alikuwa nayo. Alipomzaa Estelle, damu ilimtoka mpaka wakamwitia katekista aje amwombee mtu wa kufa. Lakini mumewe Mugisho, mtu wa kabila la Bashi kutoka Bukavu, alitaka mtoto wa pili upesi. "Mutoto mumoja ni jicho moja, ikitoboka uko kipofu," alisema kila akirudi kutoka shimoni. Anastasie alinyamaza, akavaa mikono mirefu. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Basi yule anayeficha ili asizae, wahenga walimsahau.

Na Nadine? Nadine alinenepa, akang'aa, akacheka kama kawaida. Ndicho kilichommaliza Anastasie. Kama kijiti ni kile kile, cha siku ile ile, basi kilichoharibika ni yeye mwenyewe. Hata hivyo alijikaza siku moja akaenda kumwuliza muuguzi mmoja pale pale Salamabila. Yule bwana hakuinua hata macho kwenye daftari lake.

"Kijiti iko mu mukono, mama. Haipande mu kichwa. Kunywa maji, punguza mawazo."

Punguza mawazo! Utadhani mawazo ni chumvi ya mboga. Anastasie alirudi nyumbani akafagia.

Jumatatu mvua ilikuwa inanyesha, naye akataka kutoka, hivi hivi, bila mwavuli, bila safari. Mugisho, aliyekuwa amepanda kutoka shimoni siku hiyo, alimshika mkono kumzuia. Kidole chake kikasimama.

"Hii ni nini?"

"Chanjo."

"Chanjo iko na mufupa ndani?"

Akaupapasa tena, polepole. Kisha akauachia kama sufuria la moto.

Huko machimboni kila mtu anajua habari ya dawa ya mali. Mufumu, yaani mganga wa kienyeji, anakuchanja, anakuwekea kitu chini ya ngozi, kipande cha mti au jino la mnyama, na dhahabu inakufuata. Lakini dawa hiyo haifanyi kazi ya bure. Inakula akili za mwenyewe, ikishiba inageukia damu yake, yaani watoto wake. Mugisho alikuwa na rafiki, Pitchou, aliyechimba naye shimo moja. Pitchou alijiwekea dawa hiyo begani. Leo anaokota karatasi sokoni, hana nguo. Basi Mugisho alimtazama mkewe anayefagia asubuhi nzima, asiyelala, anayesahau mtoto, na hesabu ikamjia upesi. Aliikosea, lakini ilimjia.

Hakumpiga. Alikwenda kumwita dada yake mkubwa Nabintu, waliyemwita Yaya, ambaye huleta vikwembe, yaani vitenge, kutoka Bukavu na kuviuza Salamabila. Nabintu alifika na mwavuli, akakataa kiti.

"Kikulacho kiko nguoni mwako," alisema, akimwonyesha Anastasie kwa kidevu. "Ijumaa narudi Bukavu. Mutoto anaenda na mimi. Siku dawa itatoka, mutoto atarudi."

"Yaya, ni mutoto wa kunyonya," Anastasie alisema.

"Iko na meno. Atakula."

Hapo Anastasie angesema. Angefungua kinywa akasema ni kijiti cha kuzuia mimba, si dawa ya mali. Lakini alilijua na jibu lake. Mwanamke anayemkatalia mume mtoto kwa siri atarudishwa kwao Lusangi na kifurushi chake kichwani, na mtoto atabaki upande wa baba. Akinyamaza Estelle anakwenda, akisema Estelle anakwenda. Akaushika ufagio, akafagia.

Jumatano Mugisho alimwendea mufumu mmoja, akitaka kile kitu kitolewe mara moja. Yule mzee alikataa katakata. Kazi yao ina sheria: aliyekiweka ndiye akitoe. Mwingine akikigusa, mgonjwa anakufa. Na asiendewe mikono mitupu. Anapelekewa kuku mweupe asiye na doa.

Kwa hiyo Mugisho alirudi nyumbani na kuku mweupe kwapani. Alichuchumaa mbele ya mkewe. Macho yalikuwa mekundu, na si ya pombe.

"Mama Estelle, sigombane. Sikuulize ulitaka mali ya nini. Unipe tu jina ya mutu aliyekuwekea kile kitu. Anakaa wapi?"

Anastasie alimtazama, akamtazama kuku.

"Anaitwa Marie-Louise," alisema. "Iko Kabambare."

Na huo haukuwa uongo, hata kidogo.

Alhamisi alfajiri walipanda pikipiki, dereva mbele, Anastasie katikati, Mugisho nyuma na kuku ndani ya kapu. Estelle alibaki kwa Nabintu. Barabara ilikuwa tope tupu, mahali pengine walishuka wakasukuma. Mara ishirini Anastasie alitamani kuruka aende kwa miguu, kwa sababu kukaa tu kulimwasha mwili mzima. Mugisho alimzungushia mkono kiunoni, akidhani anamwogopa mufumu.

"Usiogope," alimwambia sikioni. "Niko pale. Kama anataka na mbuzi, nitatafuta mbuzi."

Maskini ya Mungu! Anastasie alilia kimyakimya mpaka Kabambare.

Walipofika, Mugisho aliuliza watu wa njiani anapokaa Marie-Louise. Kila mtu alimwelekeza pale pale, kwenye lango lenye msalaba mwekundu. Aliuliza mara tatu. Mwisho akaingia, kapu mkononi, uso umemkunjamana, wanawake wenye mimba waliokaa kwenye benchi wakimwangalia. Mwanamke mnene mwenye koti jeupe, miwani juu ya paji la uso, alitokea mlangoni.

"Baba, kuku ya nini? Hapa hatununue."

"Ni wewe Marie-Louise?"

"Ni mimi."

Mugisho akapiga goti. Mwanaume mzima! "Mama, nakuomba, utoe kile kitu ulimuwekea bibi yangu. Kuku ni hii. Nyeupe, haina doa."

Marie-Louise alimtazama kuku, akamtazama Mugisho, akamtazama Anastasie aliyekuwa ameushika mkono wake wa kushoto. Hakucheka, na hilo Mungu amlipe. Alimshika Anastasie akaingia naye ndani, akavuta pazia.

Ndani hakukimbilia wembe. Aliuliza. Unalala? Unakula? Ulikuwa hivi mbele ya kuwekewa kijiti, ao kisha? Umewahi kutaka kujiumiza? Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza maneno hayo, na yalimtoka Anastasie kama maji ya pipa lililotoboka. Alisema la sokoni. Alisema la siku aliyosimama mtoni na mtoto mgongoni, akatazama maji muda mrefu kupita kiasi, akajiogopa, akakimbia.

"Pole, mama," Marie-Louise alisema. "Wewe si mwenda wazimu. Wanawake wengi nimewawekea hii kitu na wako salama kabisa. Lakini kuna wachache inawavuruga roho. Mwili si nguo, huwezi kuazima wa jirani. Pengine ni kijiti, pengine ni woga wa kule kuzaa ulibaki ndani, pengine vyote viwili. Tutakitoa, kisha tutaangalia. Kwa nini hukuja mapema?"

"Waliniambia hakipande mu kichwa."

Marie-Louise akafyonya, mfyonyo mrefu, kisha akavaa glavu. Alichoma sindano ya ganzi, akachana ngozi kidogo, akakivuta kijiti, kitu chembamba kilichozidi kidogo tu njiti ya kiberiti. Akamwambia asitegemee kupona kesho, roho hurudi kwa mwendo wake. Akamwambia pia zipo njia nyingine za kupanga uzazi zisizo na dawa ile ndani, arudi wazungumze. "Bwana yako, nimuambie mimi?"

"Hapana. Nitamuambia mwenyewe."

Akamwambia, nje, chini ya paa la mabati, kijiti kikiwa juu ya pamba kiganjani mwake. Alimwambia yote, tangu foleni mpaka leo. Mugisho alisikiliza kapu likiwa bado mkononi.

"Miezi minane," alisema.

"Miezi minane."

"Na mimi napiga goti na kuku mbele ya watu."

Marie-Louise alimkataa kuku, lakini Mugisho alimwacha pale pale mlangoni, kwa sababu kuku wa kutolea dawa harudi nyumbani. Walilala kwa katekista mmoja wa ukoo wa Anastasie, na Ijumaa walirudi njia ile ile. Safari hii hakumshika kiuno. Anastasie aliyahesabu madaraja yote ya miti, kwa sababu kila moja lilikuwa linamsogeza kwenye saa ya Estelle kuondoka.

Walimkuta Nabintu uwanjani. Mizigo imefungwa juu ya pikipiki, Estelle mgongoni mwake, kofia ya sufu kichwani kwa ajili ya baridi ya njiani.

"Imetoka?"

"Imetoka," Mugisho alisema.

"Ilikuwa dawa ya nini?"

"Ya kuzuia mimba."

Nabintu alipiga makofi. "Yesu wangu! Afazali ingekuwa ya mali!" Akaikaza kanga ya mtoto. Dereva akawasha pikipiki.

Mugisho alimgeukia mkewe. Tangu jana hakuwa amemtazama usoni.

"Munganga wa Kabambare anasema ile kitu ilikuvuruga," alisema, sauti chini, kama mtu anayembembeleza. "Basi mambo yote tunaiweka juu yake. Makelele, kusahau mutoto, na hii ya kukataa mimba. Sema tu kwamba akili haikuwa yako, na mambo imeisha. Sema, yaya asikie."

Mlango ulikuwa wazi, tena mpana. Neno moja, Estelle anashuka. Anastasie alilisikia neno hilo limekaa mdomoni tayari. Mkono uliuma, ganzi ilikwisha tangu jana.

"Makelele ni ya kijiti," alisema. "Machozi pia. Kumusahau Estelle pia, na Mungu anisamehe. Lakini kuogopa mimba ni mimi, Baba Estelle. Siku ile nilipanga foleni nikiwa na akili yangu yote. Na leo bado naogopa."

"Umemusikia!" Nabintu alisema, akapanda pikipiki.

Mugisho alisimama. Dereva akaguna kwamba mafuta yanaungua.

"Yaya, mushushe mutoto."

"Unasema nini?"

"Siku ya kuzaa, vikwembe vya damu nani alivifua? Ni mimi. Nilivipeleka mutoni pa siri, watu wasimuone mwanaume anafua damu ya uzazi. Nilifua, nikafua, maji yanatoka mekundu tu. Nilikuwa namufulia nguo za kuzikwa." Akaishika pikipiki. "Kisha nikakuja hapa kumuambia jicho moja, jicho moja. Mushushe."

Nabintu aliifungua kanga, taratibu, akimtazama ndugu yake kama hamjui. Estelle hakutaka kushuka. Alilia, akamng'ang'ania shangazi, na Anastasie alipompokea alimpiga mama yake kwa viganja vyote viwili, tena juu ya kidonda. Anastasie alimkaza kifuani hivyo hivyo, na kelele zake na kofia yake, hakumwachia.