Mpira wa Upande Wake

Gari la marehemu baba yao lilikaa bandani tangu siku alipokutwa amefariki ndani yake, mikono ikiwa kwenye usukani, vioo vyote vimepandishwa. Hakuna aliyetaka kuliuza, wala aliyetaka kuliendesha. Mwishowe kitindamimba wa nyumba, fundi magari waliyemwita Nyundo kwa jinsi alivyobisha hodi, alikata shauri kulifufua. Dada yake, mshonaji, akachukua kazi ya viti. Mama yao hakukubali wala hakukataa.

“Mkilitengeneza, litengenezeni kweli,” alisema. “Baba yenu hakupenda kazi ya kulipua.”

Rangi ilipokauka, ikabaki mipira ya kuzibia milango na vioo. Ile ya zamani ilikuwa imekakamaa na kupasuka kama kisigino cha kiangazi. Nyundo aliibandua, akasugua gundi kuukuu, kisha akabandika mipira mipya ya milango, akiisukuma kwa dole gumba kwenye kila kona. Dada yake aliingia kujaribu. Mlango ulifunga kwa sauti nene: pu!

“Humu masikio yanaziba,” alisema alipotoka. “Hata kuku wa jirani siwasikii.”

“Ndiyo kazi ya mpira, dada.”

Kesho yake walikuta kioo cha mlango wa dereva kimejaa ukungu kwa ndani. Vingine vilikuwa vikavu.

“Gundi inatoa unyevu,” Nyundo alisema.

“Gundi gani hiyo inayochagua kiti?”

Nyundo alicheka, ila alikifuta kioo haraka, kisha akaacha mlango wazi mpaka walipoanza kazi.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kioo cha mbele. Nyundo alikizungushia mpira wake, akapaka maji ya sabuni, akapitisha kamba ndani ya mfereji wa mpira. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja nje akisukuma kioo, mwingine ndani akivuta kamba, ili ukingo wa mpira upande juu ya bati kidogo kidogo. Dada yake aliingia ndani akafunga mlango. Jua la mchana lilimulika kioo, na Nyundo hakuona kitu ila uso wake mwenyewe.

“Vuta!”

Kamba ikavutwa. Walifika nusu, akahisi imesimama, kisha ikaendelea, safari hii kwa mkono mtulivu zaidi. Kwenye kona, mahali ambapo mpira hukatika ukiharakishwa, ilisubiri mpaka alipokwisha kusukuma, ndipo ikavutwa tena.

“Hapo hapo! Dada, umezaliwa fundi wewe!”

“Nani?” dada yake aliuliza. Alikuwa nyuma yake, mlangoni mwa banda, ameshika kikombe cha chai. “Kamba ilinikata kidole, nikatoka kukifunga. Hukunisikia?”

Nyundo aliondoa viganja kwenye kioo. Kioo hakikusogea. Kilikuwa kimekaa sawasawa, mpira umelala pande zote. Alichungulia dirishani: ndani ya gari hapakuwa na mtu. Kamba ilikuwa juu ya kiti cha dereva, imekunjwa duara.

Dada yake ndiye aliyekwenda kumwita mama.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akavua kandambili, akaingia upande wa abiria na kujifungia. Wakamwona akizungumza, lakini hawakusikia neno. Alinyamaza, akatikisa kichwa, akazungumza tena. Mbele yake kioo kikashika ukungu kwa pumzi zake. Kisha ukungu wa pili ukatokea, mbele ya usukani, ukikua na kufifia, ukikua na kufifia.

“Mama, toka!” Nyundo aligonga kioo.

Alitoka bila haraka, macho yamelowa.

“Vueni mpira wa upande wake,” alisema. “Anakosa hewa.”

“Mama, ndio kwanza nimeubandika.”

“Uvue, mwanangu. Ufungue na mlango.”

Nyundo aliung'oa, kipande kwa kipande, kisha akafungua mlango wa dereva mpaka mwisho. Hawakuona kitu. Ila springi za upande ule zililia, na gari likainuka kidogo, kama linavyoinuka mtu mzito akishuka.

Mama alimshika binti yake mkono, akamvuta pembeni.

“Mpisheni,” alisema.