Pau za Selestini

Ida alishika jembe akiwa na miaka saba, lakini mumewe Selestini hakuwahi kulima hata tuta moja. Huko kwao jambo hilo halikumsumbua mtu. Selestini alikuwa fundi wa mikate Mosimboa, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, katika duka la Mreno mmoja, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mtoto. Ida alipokuwa akichumbiwa, shangazi zake waliishika mikono hiyo, wakaipindua huku na huku, wakacheka hadi machozi yakawatoka. Wakamwambia, haya, olewa naye, lakini jembe ujue ni lako.

Vita ilipoanza ng'ambo ile ya Ruvuma, mwezi wa tisa mwaka wa sitini na nne, walivumilia mwezi mmoja, kisha wakaondoka na sufuria moja, blanketi, jembe lisilo na mpini, na binti yao Filomena wa miaka mitano akiwa mabegani kwa baba yake. Walitembea siku nane. Ruvuma ilikuwa imepungua, maji yaliwafika magotini tu. Wakapanda uwanda wa Newala, na pale juu mama mmoja aliwapa kata ya maji mlangoni kwake. Ida aliyanywa yote bila kufikiri. Baadaye ndipo alipowaona wanawake wakipanda kutoka bondeni na ndoo vichwani, wakihema, akajua amekunywa safari ya nusu siku ya mtu. Alirudi kumshukuru yule mama mara ya pili.

Kutoka Newala walipandishwa lori hadi Masasi, na Masasi wakakabidhiwa kwa Mzee Mahmudu, balozi wa nyumba kumi katika kijiji kimoja upande wa Lisekese. Mzee Mahmudu aliwapa nyumba ndogo ya mwanawe Majaliwa, aliyekuwa Mtwara akifanya kazi bandarini, na kipande cha pori cha kulima.

"Karibuni Tanzania," akawaambia, kisha akakohoa kidogo. Jina hilo lilikuwa na wiki mbili tu tangu litangazwe, na yeye mwenyewe alikuwa bado analifanyia mazoezi.

Mke wake, Mama Majaliwa, alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu na wa maneno. Kuanzia saa ile ya kwanza alimwita Ida "Mama Filomena," na Ida, aliyezoea kuitwa kwa jina lake, mara ya kwanza aligeuka nyuma kuangalia nani anaitwa.

Siku ya tatu ilikuja Landrova. Ndani yake alikuwamo Rogath, bwana maendeleo, kijana kutoka Kilimanjaro ambaye naye alikuwa na miezi minne tu Masasi. Alileta magunia ya unga kwa ajili ya wakimbizi. Unga wenyewe ulikuwa mweupe, laini kama poda. Mama Majaliwa aliutazama, akaukubali, akabandika sufuria ya ugali.

Ugali kama ule haukuwahi kuonekana. Mwiko ulisimama katikati ya sufuria, ukakataa kutoka. Mzee Mahmudu alimega tonge, tonge likamganda vidoleni. Alipolitoa kwa mkono wa kushoto, likahamia mkono wa kushoto. Kuku aliyedonoa kipande kilichoanguka alizunguka uwanja mzima akisugua mdomo ardhini.

"Wametuletea gundi," alisema Mama Majaliwa.

Wote walicheka isipokuwa Selestini. Alichota unga mkavu kutoka kwenye gunia, akausugua kati ya vidole, akaunusa, akafumba macho. Ida alimjua mumewe. Tangu wavuke mto hakuwa ameuona uso wake ukitulia namna ile.

"Mzee," Selestini akamwambia Mzee Mahmudu, "naomba mniachie unga huu. Nitawatengenezea pau. Pau za kutosha kijiji kizima."

Mzee Mahmudu aliinua macho akaitazama nyumba waliyowapa. Kweli paa lilikuwa limebonyea upande mmoja. Aliona aibu kidogo kwamba mgeni ndiye aliyelisema.

"Vizuri, mwanangu," akajibu. "Tutakusaidia."

Kesho yake Ida aliondoka alfajiri kwenda kufyeka lile pori. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika juu ya vilima vya mawe, na kila mtu alisema mvua haiko mbali. Alifyeka hadi jua likawa utosini, peke yake, na kila alipoinua kichwa kutazama njia, mumewe hakuonekana. Aliporudi nyumbani alimkuta nyuma ya nyumba, matope yamempanda hadi mabegani. Alikuwa amebomoa kichuguu, akakanda udongo wake na majani makavu, na sasa alikuwa akijenga kitu cha mviringo mfano wa chungu kikubwa kilichofunikwa. Filomena alikuwa ndani yake, kichwa kikichungulia mlangoni.

"Selestini, mvua ikinyesha tutapanda nini? Matope yako?"

"Nipe siku nne tu, Ida."

"Siku nne! Wenzako wanatupatia ardhi, wewe unajenga banda la kuku?"

"Ni tanuri."

"Naona ni tanuri! Sina macho?" Akalitupa panga chini. Alikuwa amechoka, viganja vimemchubuka, na zaidi ya yote alichoka kuwa mtu wa kupewa. Alitaka wapite watu waone shamba lake limesimama, wajue hawakumpokea mvivu. Mumewe naye alimtazama tu, mikono yake laini ikidondosha matope. Ida akachota maji akanawa, akaenda kulala na hasira zake.

Kuhusu miti hakuna aliyemwambia Ida ni ya nini. Siku iliyofuata, yeye akiwa porini, wanaume watatu walitua uwanjani matita ya miti iliyonyooka, mizuri, waliyoitafuta mbali. Selestini aliwashukuru sana. Aliwashukuru mno, mmoja akasema baadaye, mpaka wakaona haya.

Siku ya nne ya ujenzi wa tanuri Ida alikuwa akichoma majani makavu shambani alipomwona Mama Majaliwa anakuja mbio, khanga mkononi.

"Mama Filomena! Mama Filomena, njoo! Mumeo anazikata pau!"

Moyo wa Ida uliruka. "Anazikata? Zimeshaiva?"

"Zimeiva?"

"Umeonja? Ni laini?"

Mama Majaliwa alisimama pale pale, akashika kiuno. "Nionje pau, Mama Filomena? Mimi?"

"Pau za mume wangu hazina mfano," alisema Ida, akiisahau hasira yake ya siku tatu. "Utazila hata bila chai."

Mama Majaliwa alimtazama kwa huruma kubwa, kama anavyotazamwa mtu aliyepigwa na jua. Akamshika mkono polepole, akamwongoza nyumbani.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Selestini alikuwa ameshika shoka, na pembeni yake ile miti yote ilikuwa imekatwakatwa vipande vya urefu wa mkono, imepangwa vizuri kando ya mdomo wa tanuri. Mzee Mahmudu alisimama mbele yake, kofia mkononi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Ida. Alikuwa ameumia.

"Mwanangu," alikuwa akisema, "watu wamelala porini kutafuta pau hizi. Kama hukuzipenda, ungesema."

"Nimezipenda, mzee! Kuni nzuri hivi sijawahi kuziona."

"Kuni?" Mnung'uniko ukapita uwanja mzima.

Ida alimtazama mumewe, akamtazama mzee, akaitazama miti. Akamgeukia Mama Majaliwa, akanyoosha kidole juu, kwenye miti iliyobeba nyasi za paa. "Ile mnaiitaje?"

"Pau," alisema Mama Majaliwa. "Tungeiitaje tena?"

Ida alikaa chini. Alikaa pale pale kwenye majivu, akaweka mikono kichwani, na watu wakadhani analia. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Alijaribu kusema mara mbili ikashindikana. Mara ya tatu Kiswahili kikatoka vipande vipande.

"Kwetu... kwetu Mosimboa... pau ni mkate! Mreno ndiye aliyetuletea neno hilo. Mume wangu anasema mkate. Siku zote hizi anasema mkate!"

Kisha Mzee Mahmudu akatazama magunia ya unga, akatazama tanuri, akatazama paa lililobonyea, na ukaonekana uso wake ukihesabu jambo moja baada ya jingine. Kicheko kilimtoka tumboni, kikampinda, kikamwangusha kofia. Akainama kuiokota akashindwa, akabaki ameinama vile vile. Wale wanaume watatu walianza kuulizana nani kati yao aliyesema mgeni huyu ana adabu sana, na wao pia wakashindwa kujizuia. Selestini, shoka mkononi, ndiye wa mwisho kuelewa. Alipoelewa aliliweka shoka chini taratibu kama anayeogopa litamuuma.

"Basi," alisema Mzee Mahmudu alipoweza, akifuta macho, "miti imeshakuwa kuni. Ioke hiyo mikate, nasi tujue pau za Mosimboa zinaliwaje."

Lilibaki jambo la chachu. Ulikuwa msimu wa korosho, mabibo yameanguka kila mahali, na kila nyumba ya tatu ilikuwa na uraka, pombe ya mabibo, unaochemka mtungini. Selestini aliona povu lile akafurahi. Hakuna chachu bora, alisema. Mama Majaliwa alimvuta Ida kando.

"Mzee wangu uraka hagusi. Hata harufu yake. Akijua umo ndani, hatakula, na hatasema kwa nini."

Ida hakumwambia mumewe achague. Alikwenda kuomba togwa ya mtama iliyolala siku mbili, bado tamu lakini imeanza kuwa kali ulimini. Aliichanganya na unga wa ngano kidogo, akafunika kwa jani la mgomba, akaweka juani. Mama yake alikuwa akiumua vitumbua kwa namna hiyo. Selestini alisimama nyuma yake akiwa na mashaka. Jioni Ida alipofunua, ule mchanganyiko ulikuwa umevimba, umejaa vishimo, unapumua.

"Ehee," alisema Selestini. Ndilo neno pekee alilosema, lakini alimshika bega, na mambo ya banda la kuku yakaishia hapo.

Mikate ya kwanza iliungua chini na kubaki mibichi katikati, maana tanuri lilikuwa jipya na Selestini hajaijua tabia yake. Mbuzi wa jirani walifaidi. Mara ya pili aliwasha moto mapema zaidi, akaacha kuta zote zipate joto, akakumba makaa nje, akatupa unga kidogo ndani na kuhesabu hadi ulipogeuka rangi ya korosho iliyokaangwa. Ndipo akaingiza madonge, akaziba mlango kwa jiwe na udongo.

Harufu ilianza kutoka. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walipunguza mwendo. Walipofungua, mikate ilikuwa imeinuka, mgongo wa kila mmoja umepasuka kidogo. Filomena alipiga makofi akaruka, "Pau! Pau!" na watoto wa kijiji, ambao walikuwa hawajawahi kumsikia akisema kitu kwa sauti, walimjibu wote, "Pau!"

Mzee Mahmudu alimega, akatafuna taratibu, akamega tena. Rogath, aliyekuwa amekuja na magunia mengine, alipewa mkate mzima na chai ya rangi. Aliupasua, mvuke ukampiga usoni.

"Tangu nitoke Moshi," alisema, "sijala mkate wa moto." Akaomba mwingine, akausindikiza na karanga, kisha akaketi na kuanza kuwasimulia habari za mama yake mpaka dereva alipompigia honi.

Asubuhi ya pili yake Ida aliamka akiwa na wasiwasi ule ule: shamba. Alifika akakuta wanawake kumi na mmoja wamesimama kwenye ukingo wa pori lake, kila mmoja na jembe, Mama Majaliwa mbele.

"Mumeo aoke," alisema. "Sisi tunalima."

Uso wa Ida ulimwaka. Alitaka kukataa. Kisha akakumbuka kwamba yeye hajawahi kushindwa kulima na mtu yeyote kwao. Akafunga kitenge kiunoni, akaingia mstari wa kwanza, akaanza bila kugeuka nyuma. Alisikia majembe yakimfuata, kisha yakiharakisha, kisha mtu akasema, "Jamani, huyu mgeni anatukimbiza!" Mmoja akaanzisha wimbo kwa Kimakuwa, wengine wakaitikia, na jembe la Ida likajikuta limeingia kwenye mdundo wake bila yeye kuyajua maneno. Jua lilipofika utosini eneo lililobaki lilikuwa dogo kama uwanja wa nyumba.

Walikaa kula mikate ya asubuhi ile, mikono ikiwa na udongo. Mawingu yalikuwa mazito juu ya vilima.

"Mama yako naye ni mkulima?" aliuliza Mama Majaliwa.

"Yuko kule Mueda, hakukubali kuondoka." Ida alitafuna kidogo. "Angekuwa hapa angewacheka nyote. Mistari yenu imepinda."

"Imepinda wapi?"

"Ule wa tatu. Na wako ndio umepinda kuliko yote."

Wanawake walipiga kelele, wakamwambia Mama Majaliwa leo amepatikana. Mama Majaliwa akasimama, akaufuata mstari wake kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, akichezesha midomo.

"Haya," akasema, akiokota jembe lake. "Njoo unionyeshe wa kwenu unavyonyooka."

Ida akaweka mkate wake juu ya jani, akasimama, akamwonyesha.