Bakuli la Mikelis

Majani yalipoanza kupukutika, maofisa wa Kirusi walihamia jumba la baroni, bwana mwenye ardhi yetu, nami nikapata kazi ya kuwasha majiko na kupeleka chai. Ukutani walitundika ramani kubwa kama mlango wa ghala, na juu yake bendera tatu tu, ndogo kama kucha. Kila bendera ilikuwa jeshi zima. Jenerali wetu hakuongoza vikosi, aliongoza majeshi. Kaka yangu Mikelis alikuwa ndani ya bendera ya kati, pale mto Daugava unapopinda.

Asubuhi moja nikakuta bendera ya kati haipo. Limebaki tundu.

Sikuuliza. Nani anauliza mbele ya maofisa? Nilipopita nyumbani nikamwambia Mama. Alichukua bakuli moja zaidi, akaanza kuliosha.

Nikajua anataka kufanya nini. Kwetu, majira hayo, wafu huandaliwa chakula ndani ya nyumba ya mvuke, kibanda cha kuogea, na mwenye mji huwaita kwa majina. Asiyeitwa hushinda njaa mwaka mzima. Lakini aliye hai akiitwa, huitika, na akishaitika ni wa kule.

"Mama, hatujui bado."

"Jeshi zima limeng'olewa ukutani, Darta. Nimwache mwanangu na njaa?"

"Na kama yu hai?"

"Basi kaulize. Jua likizama, naita."

Aliyeshughulika na bendera ni Kapteni Zubarev, mtu wa mzaha. Nikamwekea chai, nikabaki nimesimama.

"Umeota mizizi, binti?"

"Bwana Kapteni, wale wa kati wamekufa wote?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Jeshi zima! Unadhani nimewazika kwa vidole viwili hivi? Tumewakabidhi kwa jenerali wa kusini. Kule kunawaka, huku kumepoa. Ndiyo kazi yetu, Darta: majeshi kadhaa mkononi mwa mtu mmoja, kama mpishi na vyungu vyake. Hiki anakisogeza motoni, kile anakiepua."

"Na kaka yangu?"

Kicheko kikamkatika. "Mimi naona majeshi tu." Akageukia ukutani. "Kwenye ramani hii sijawahi kuona mtu."

Niliacha sinia palepale, nikakimbia. Jua lilikuwa limekwisha gusa miti. Ndani ya nyumba ya mvuke mshumaa unawaka, uji wa shayiri na nyama ya nguruwe unafuka, na Mama amesimama mlangoni. Alikwisha waita Babu, Bibi, na mdogo wangu aliyekufa mchanga.

"Mike..."

Nikamziba mdomo. "Wamehamishwa! Hawajafa!"

Hapo ndipo baridi ilipotupita. Babu na Bibi huja kama pumzi, unahisi shingoni tu. Hii ilikuja na harufu ya udongo mbichi na ngozi ya buti. Nikasikia miguu, mingi, inakanyaga kwa pamoja, inaingia, inaingia, haiishi, ndani ya kibanda kisichotosha hata jamaa zetu. Mwali wa mshumaa ukalala, haukuzimika.

"Umewaita nani?" nikanong'ona.

"Sijawaita. Hawa hawana wa kuwaita."

Wafu wakila hakuna kusema. Tuliegemea ukuta, tukasikiliza vijiko vya mti vikikwangua. Sisi tuliweka vinne. Vilivyokwangua ni vya kambi nzima.

Hatimaye Mama akawaaga: "Mmekula, wanangu, mmekunywa. Shikeni barabara, msitukanyagie mbegu shambani."

Walichukua muda mrefu kutoka. Nilipochungulia, shamba lilikuwa jeupe kwa jalidi, umande ulioganda, halijaguswa. Barabara tu ilikuwa nyeusi, imekanyagwa upana wake wote, kuelekea jumba la baroni, kule kwenye ramani.

Tukainua mshumaa. Mabakuli yalikuwa makavu, mkate hata chembe haikubaki. La Mikelis limejaa vilevile. Bado linafuka. Kijiko chake kikavu.

Mama akaketi mbele yake. "Chakula cha aliye hai hakitupwi," akasema, akakila chote, machozi yakimdondoka bakulini, mpaka akalamba kijiko.

"Chumvi imezidi," akasema.